Mwaka wa Vijana Ulivyofumuliwa

Mama Kitana hajawahi kuogopa kichwa cha mtu. Vichwa vya kipilipili, vichwa vilivyounguzwa na dawa, vichwa vya watoto wanaolia kabla hata hawajaguswa, vyote vimepita mikononi mwake na kuondoka vimesukwa. Saluni yake ni chumba kimoja chenye kioo kirefu, viti viwili, benchi la wanaosubiri na feni inayozunguka inapojisikia. Nyuma ya mlango husimama ufagio, na kuhusu ufagio huo mwenyewe ana sheria: kinachosemwa kwenye kiti kinafagiliwa pamoja na nywele. Wateja wote wanaijua. Wifi yake, dada wa mumewe, anayemsaidia kuosha na kukausha, anaijua pia, ingawa yeye huitii kwa taabu, maana Mungu alimpa mdomo akasahau kumpa kufuli.

Kiti hicho ndicho kilichomfanya paroko amchague kuwa mlezi wa vijana. Parokia ilikuwa na ugonjwa ambao parokia nyingi zinaujua. Watoto wanahudhuria mafundisho ya kipaimara bila kukosa, askofu anakuja, anawapaka mafuta, wanapiga picha na wasimamizi wao, kisha wanayeyuka. Unawaona tena siku ya kuandikisha ndoa, wengine wameshaanza kuota vipara. Mlezi aliyetangulia, bwana mmoja mpole sana, alijaribu kuwarudisha kwa mihadhara mpaka akabaki anahutubia viti. Paroko akatazama huku na huku, akagundua kwamba wasichana wasioonekana ukumbini Jumamosi wanaonekana saluni, wakiongea bila kulazimishwa, na wavulana wamejazana nje ya mlango wakijifanya wanapita tu. Akamfuata msusi palepale kazini. Mama Kitana hakujivuta wala hakujifanya kusita, maana si kawaida yake.

"Niachie, Padre," alisema. "Hao ni vichwa vyangu."

Paroko alitaka mpango wa mwaka mzima uwe tayari kabla ya Majilio, kwa kuwa mwaka wa Kanisa huanzia hapo. Mama Kitana akakaa nao Jumatatu, siku ambayo saluni hufungwa, akatandaza kalenda ya liturujia upande mmoja wa meza na kalenda ya shule upande mwingine. Mwenzake aliyetangulia aliwahi kuweka mafungo katikati ya mitihani, kisha akashangaa kwa nini walikuja watoto wa darasa la chini tu na mpishi. Yeye akayapeleka mafungo likizo. Ijumaa za Kwaresima akawapa vijana Njia ya Msalaba waiongoze wenyewe, na tafakari waandike wenyewe, si kunakili za kitabuni. Akapanga wanaopata kipaimara wapokewe kwenye kundi Jumamosi inayofuata, mafuta yakiwa bado hayajakauka usoni, na wapokewe na wenzao wa mwaka uliopita, ili kila mmoja awe na mtu anayemsubiri mlangoni. Akaweka kutembelea wagonjwa. Akaweka mpira dhidi ya wanakwaya, ambao kwa miaka wamekuwa wakijisifu kwamba wanajua mpira.

Alifanya kama anavyofanya kichwani mwa mteja, ambapo huanza kwa kuchora njia kwa ncha ya kitana kabla ya kugusa unywele wowote. Njia zikinyooka, mengine ni vidole tu. Na siku hiyo njia zilinyooka hasa, ukizitazama unaona raha.

Zikabaki mada, moja kwa kila mwezi kuanzia Januari. Hizo zilimjia kwa urahisi mno, na urahisi huo ungemshtua mtu mwingine. Hakuhitaji kuumiza kichwa kujua vijana wanasumbuliwa na nini, kwa sababu walikuwa wamemwambia wenyewe, mmoja mmoja, shingo zikiwa zimeinamishwa. Akaandika kuhusu simu na kujilinganisha na watu. Akaandika kuhusu rafiki anayekugeuka. Alipofika Machi akamkumbuka Twiga.

Twiga ni binti wa sekondari, mrefu kiasi kwamba akikaa kitini msusi hamfikii utosi, kwa hiyo hukaa chini kwenye mto. Baba yake alikuwa amehama nyumbani, amekwenda kuishi na mwanamke mwingine upande wa pili wa mji, na mama yake alikuwa bado anaingia kanisani kichwa juu kila Jumapili kana kwamba hakuna kilichotokea. Alasiri moja wifi akiwa ametoka, Twiga alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja saa, kwamba siku hizi kwenye misa anachezesha midomo tu. Haombi. Mama yake anamwambia amwombee baba, naye hataki. Mama Kitana hakusema neno. Aliendelea kusuka, taratibu zaidi kidogo, mpaka wakamaliza. Hapo alifanya vizuri, na kama angeishia hapo tusingekuwa na la kusimulia.

Kwenye Machi akaandika: "Kumwombea mzazi aliyehama nyumbani." Jina la mtu hakuliandika. Hata alijipongeza kwa uangalifu wake. Paroko akausoma mpango, akaupenda, akaupeleka kwa katibu wa baraza la parokia.

Katibu huyo ni mtu mwema mwenye udhaifu mmoja tu, kwamba anapenda mno matangazo. Mwingine akipewa karatasi kama ile angeibandika ubaoni akaenda zake nyumbani. Yeye, Jumapili ile baada ya komunyo, alipanda kwenye kipaza sauti akakohoa, akasoma mpango wote, mwezi kwa mwezi, na kila baada ya mwezi akatua ili watu waufaidi. Mama Kitana alikuwa benchi la mbele, amevaa kitambaa chake kizuri, anatabasamu. Januari ikasomwa. Februari ikasomwa. Watu wakanong'onezana kwamba safari hii wamepata mlezi.

"Machi," katibu akasoma. "Kumwombea mzazi aliyehama nyumbani."

Akatua, kama kawaida yake. Na katika kutua kule vichwa vikageuka. Havikugeuka vyote, wala watu hawakukusudia ubaya, lakini viligeuka vya kutosha, na vyote vilielekea benchi moja upande wa kulia, walipokaa mama mmoja na binti yake mrefu. Parokia nzima ilikuwa na nyumba moja tu iliyohamwa mwaka ule. Mama alitazama altare bila kupepesa. Twiga alimtazama Mama Kitana, akasimama, akapita mbele ya magoti ya watu na kutoka nje. Aprili ilisomwa huku mlezi akiwa ameganda, tabasamu lingali limemkaa mdomoni kwa sababu alikuwa amesahau kuliondoa.

Wifi hakuelewa. Njiani kurudi nyumbani alisifu mpango ule mpaka akaishiwa sifa, akasema sasa na hao wanakwaya watajua hawajui. Mama Kitana alikuwa anajua vizuri alichokifanya. Alikuwa ameyazoa maneno chini, badala ya kuyafagia akayafunga kwenye karatasi na kuyapeleka kanisani. Miaka yote aliyosuka hakuna aliyewahi kumshika kwa hilo, na sasa alijishika mwenyewe, mbele ya watu wote.

Aliumia, na aliona haya, lakini yeye si mtu wa kulala na haya. Akaacha chakula mezani akaenda kwa kina Twiga akiwa na nguo zilezile za kanisani. Alimkuta binti amekaa kwenye ngazi ya nyuma, kichwa upande mmoja. Alikuwa anafumua nywele. Zilikuwa nywele za juzi tu, laini ndogo ndogo za kusukwa zilizokula siku nzima, za kukaa mpaka shule zifungwe, na tayari nusu ya kichwa ilikuwa imesimama wima kama imepigwa na upepo. Mama Kitana akanyoosha mkono kwa mazoea.

"Nitafumua mwenyewe," Twiga alisema.

Mkono ukarudi. Akakaa ngazi ya chini yake, akasema kilichomleta, kwa maneno machache, kwamba amekosa na amekuja kuomba msamaha. Hakuutaja uzuri wa nia yake. Alikuwa nao tayari mdomoni, akaumeza.

Twiga alifumua laini nzima mpaka mwisho kabla hajajibu.

"Hata hukuandika nilichosema, mama. Sikusema nataka kumwombea. Nilisema sitaki."

Hilo lilimchoma kuliko kugeuka kwa vichwa. Alikuwa ametoboa siri ya mtoto, na juu ya hapo akaitengeneza iwe nzuri ya kusomwa kanisani. Akasema tu kwamba ni kweli, hakusema hivyo. Twiga akainuka akaingia ndani, akafunga mlango bila kuubamiza, na mlango uliofungwa polepole namna ile unatisha zaidi.

Kutoka hapo hadi nyumba ya mapadre Mama Kitana alikuwa ameshakata shauri. Mtu wa kazi yake anajua kwamba mstari uliopinda mbele huwezi kuurekebisha kwa kuuvuta nyuma. Unafumua mpaka kwenye ngozi, mteja akikuangalia kwenye kioo, na unakubali kuonekana umepoteza muda wake. Akamkuta paroko barazani, akamweleza alivyokosea, jina akalihifadhi ingawa wote wawili waliona vichwa vilikoelekea. Akaomba mpango uondolewe. Paroko alisikitika sana, akajilaumu kwa kuupitisha, akapendekeza Jumapili ijayo yeye mwenyewe aeleze waumini, awaombe wasihukumu watu.

"Ukieleza, Padre, utakuwa umemsoma mara ya pili," Mama Kitana alisema. "Sema tu mlezi amekosea mpangilio, anaanza upya."

"Watakucheka."

"Wacheke. Wanicheke mimi."

Na walimcheka, si haba. Katibu alilisoma tangazo hilo kwa kutua palepale, na benchi zima la wanakwaya likatikisika mabega. Mama mmoja wa baraza alimwambia mlangoni kwamba uongozi si sawa na kusuka. Msusi akamshukuru. Wifi alikuwa amefura. Aliuliza saluni nzima ni mpangilio gani huo uliokosewa wakati yeye aliusikia kwa masikio yake ukiwa umenyooka, akataka kwenda kumkabili katibu. Mama Kitana akamwambia aoshe kichwa kilichokuwa kinamsubiri. Sababu hakumpa, wala hajampa hadi leo, na kwa mtu anayeishi na wifi wa namna ile hiyo si kazi ndogo.

Kilichokuwa kinamkosesha amani ni kingine kabisa. Twiga hakuwa ameonekana misa ile, wala saluni. Kama binti yule angeondoka kanisani kwa sababu yake, Mama Kitana alijua kwamba kazi yote ya ulezi ingekuwa bure, hata ukumbi ungejaa vijana mpaka madirishani. Angewakusanya wengine kwa mlango wa mbele baada ya kumfukuza mmoja kwa mlango wa nyuma. Alilisema hilo kwenye sala zake waziwazi, kwa kuwa hata na Mungu huwa hazunguki.

Jumamosi ya kwanza ya Majilio akafungua ukumbi mapema, akapanga viti kwa duara. Ubaoni alichora miezi yote kwa rula, njia zimenyooka vilevile. Wagonjwa walikuwapo, Njia ya Msalaba ilikuwapo, mafungo ya likizo na ule mpira. Chini ya kila mwezi, penye mada, palikuwa patupu. Vijana wakaingia, wengi kuliko alivyotarajia, pengine nusu yao wamekuja kumwona mlezi aliyechekwa. Akawaambia kazi amezipanga yeye na atazisimamia bila mchezo, atakayechelewa kwa wagonjwa atamjua yeye ni nani. Ila mada hatazipanga. Kila mwezi utachukuliwa na mmoja wao, ataleta jambo analotaka lizungumzwe, kwa maneno yake, na kama hataki kusema ni kwa nini amelileta, asiulizwe.

Wavulana wakatazama viatu. Kisha msichana mmoja akachukua Januari, akaandika neno simu, watu wakacheka, kukachangamka. Kijana mmoja akachukua Februari. Chaki ikarudi mezani.

Mlango ulikuwa wazi, na Twiga alikuwa amesimama pale, haikujulikana tangu lini, kitambaa kimefungwa kichwani. Mama Kitana alimwona, lakini hakumwita wala hakumwonyesha kiti. Akauliza tu, kama alivyouliza miezi mingine, nani anachukua Machi.

Wengine walikumbuka kilichosomwa kwenye Machi ile ya kwanza, ikawa kila mmoja anaona haya kuugusa mwezi huo. Twiga akaingia. Akavuka duara, akaichukua chaki mezani, na kwa kuwa ni mrefu hakuhitaji kunyoosha mkono sana. Aliandika kwa herufi kubwa, bila haraka: "Nisipotaka kuomba." Akaisoma mwenyewe, kwa sauti, akiwatazama wenzake, na hakuna kichwa kilichogeuka popote.

Halafu akaishika chaki mbele ya Mama Kitana mpaka huyo akaipokea, kisha binti akaenda kukaa.

Mama Kitana akageukia ubao kidogo, akajifanya anafuta vumbi pembeni, kwa sababu machozi yalikuwa yamemjaa na hakutaka vijana wayaone. Alipogeuka, sauti yake ilikuwa ileile ya siku zote. Akauliza nani anachukua Aprili.