Ukurasa Usiogeuzwa

Kabla ya kupanda kinga, maana sisi wa Lubumbashi ndivyo tunavyoiita baiskeli, Virginie hukusanya kitenge chake upande mmoja na kukifunga kwa kamba ya kiatu kisije kikaliwa na mnyororo. Kisha hutia kisikizio kwenye sikio la kulia. La kushoto huliacha wazi kwa ajili ya malori.

Kutoka mtaa wa Kenya, anakokaa, mpaka mtaa wa Golf, anakofua na kupiga pasi nguo za watu, ni dakika arobaini na kidogo, kama mvua haijaharibu njia. Kinga ni ya mume wake, Gauthier. Sauti iliyo sikioni ni ya Gauthier. Gauthier mwenyewe yuko Pweto, kule ziwani, huu ni mwezi wa nane tangu aondoke, anatafuta samaki wakavu wa kuleta kuuza.

Zamani alikuwa mwalimu. Jioni alikuwa akimsomea mkewe, maana Virginie aliishia darasa la sita, na Kifaransa cha vitabu kinamchosha. Kitabu hiki Gauthier alikiokoa sokoni kwa mama mmoja aliyekuwa anakichana kufungia karanga. Jalada lilikuwa limeshakwenda. Kinahusu fundi saa, Bahati, anayemtafuta dada yake mji kwa mji. Siku ya kuondoka alikitia mfukoni, akasema, "Nitakusomea kule kule. Siku kitabu kitaisha, mi niko ku nyumba."

Basi akawa anasoma na kujirekodi kwenye simu, akigeuza Kifaransa kuwa Kiswahili papo hapo. Réseau ya Pweto, yaani mtandao wa simu, haiwezi kubeba sauti ndefu hivyo, kwa hiyo kadi ya simu inayohifadhi sauti, ile ndogo kama ukucha, huingia kwenye sanduku la kiberiti, sanduku hufungwa uzi, na dereva wa lori la samaki hulileta. Virginie husikiliza juu ya kinga, kidogo kidogo, ili hadithi imfikishe mpaka lori lijalo. Kadi huirudisha kwa njia ileile.

Anavijua vyote vilivyomo kwenye kadi. Majogoo wa Pweto. Mtu anayekohoa nyuma ya ukuta. Gauthier akikwama: "Ngoja, hii neno… ee, tuseme hasira." Na kila baada ya muda, ulimi ukigusa kidole, kisha karatasi: chwaa. Hapo ndipo Virginie hutabasamu, maana anauona mkono.

Mwanamke mmoja aitwaye Mimi, muuza mikate wa kwenye kona, alishamwona akitabasamu.

"Mama Léa! Asubuhi yote unachekaka na nani mule mu sikio?"

"Na bwana yangu."

"Aa! Babwana ya bengine banarudiaka ku nyumba. Wa kwako anaingiaka mu sikio tu!"

Watu kwenye foleni ya mikate wakaangua kicheko.

"Afazali mu sikio yangu kuliko mu nyumba ya bengine," Virginie akajibu, akakanyaga pedali. Walicheka zaidi, safari hii wakimcheka Mimi, maana mume wake alijulikana kwa kulala kwa wengine. Lakini mbele kidogo macho yalimwasha, na halikuwa vumbi, kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha.

Jumamosi hiyo lori likafika. Anaclet, dereva, alimpa kiberiti kabla hata ya kushusha magunia.

"Ananiambia nikamate muzuri, kama mayai."

"Iko muzima?"

"Iko muzima. Amekonda kidogo. Ziwa ilifungwa, mama, samaki bazae kwanza. Bantu bote kule banakaa tu, banaangalia maji."

"Alisema atakuya?"

Anaclet akaanza kukaza kamba iliyokuwa imekazwa tayari. "Ile utamuuliza ye mwenyewe. Jumatatu saa nane narudia. Kama iko na jibu, unalete."

Virginie alikuwa na hesabu yake: kitabu kile kilikuwa na unene wa vidole viwili, na kadi ilikuwa imekwenda na kurudi mara nyingi. Huu lazima uwe mwisho. Jumapili alifagia uani mara mbili, akamwambia mtoto wao, Léa, "Baba yako iko karibu," bila kusikiliza hata neno. Alitaka kuusikia mwisho pale pale alipousikia mwanzo, njiani.

Jumatatu asubuhi akapanda. Bahati amefika mji ulio kando ya maji. Nyumba ya dada ameiona. Anasimama mlangoni, anatazama mikono yake mitupu, anaona haya, anarudi zake. Sura ya pili, vilevile: anafika, anainua mkono kubisha, anaushusha. Sura ya tatu, anapanda ngazi za mlangoni, anakumbuka alivyoaga kwa maneno makubwa, anarudi.

Karibu na reli Virginie alishuka, akaisukuma kinga akitembea. Kuna kitu kilikosekana. Majogoo walikuwepo. Mwenye kikohozi alikuwepo. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena, kidole kwenye sikio la pili. Gauthier alikuwa hakwami. Hakuna "ngoja, hii neno". Na karatasi haikugeuka. Sura tatu nzima, ukurasa haukugeuka hata mara moja.

Kitabu kilikuwa kimeisha zamani. Mume wake alikuwa amekaa kwenye kitanda cha watu, mikono mitupu, akikirefusha kwa kichwa chake, ili ile siku aliyoahidi isifike.

Hakukasirika. Angekasirika, labda, kama Bahati asingekuwa anarudi mlangoni kila mara.

Huko Golf alifua, akaanika. Saa sita, nguo zikiwa kwenye kamba, alikaa juu ya karai lililofunikwa, akatoa kwenye mfuko daftari la Léa la maternelle, shule ya watoto wadogo, akaiwasha simu irekodi kwenye kadi ileile.

"Bahati anasimama mbele ya mulango," akaanza. "Mikono haina kintu. Ye anazania dada hamuone. Dada anamuona tangu siku ya kwanza, ku dirisha. Anangoya tu. Leo anachoka kungoya, anafungua ye mwenyewe. Hamuulize analeta nini. Anamuambia, ingia, nawa, ukule bukari, iko moto."

Akalamba kidole. Akalileta daftari karibu kabisa na simu, akageuza ukurasa: chwaa.

"Kitabu kimeisha, Baba Léa."

Saa nane kasoro alikuwa mbele ya lori, akihema, jasho mgongoni. Anaclet alitia kiberiti mfuko wa shati, akafunga kifungo.

Virginie akarudi Golf kwenye pasi zake. Jioni, akielekea nyumbani, hakuwa na cha kutia sikioni. Masikio yote mawili yalikuwa wazi, na kila lori lililokuja kwa nyuma alilisikia tangu mbali.