Maji Aliyoyameza Butoyi

"Wawili, ao hakuna," Nyanya alisema.

"Mama," Baba alimwambia, "nyumba ya Sofia iko na nafasi ya mukeka moja tu."

"Basi panya walale juu yake."

"Unataka hawa watoto waanike ndagala mpaka wazeeke?"

"Minye sikatazi masomo. Ninakataza kukata mapasa katikati."

Baba aliendelea kupangusa baiskeli yake. Ilikuwa Jumapili baada ya misa, na kesho yake alfajiri angerudi Usumbura, mji wa ng'ambo ya ziwa, kupakia pamba bandarini. Dada yake, shangazi Sofia, aliishi huko karibu na shule ya masista, na alikuwa amekubali kumlaza msichana mmoja wa kwetu ili asome. Mimi nilikuwa nimekaa ukutani nikimenya mihogo. Nilisikia yote, wala hakuna aliyenitazama, kwa sababu maneno hayakunihusu.

Nilikuwa bado mtoto wa kutumwa kwa jirani kuomba kaa la moto. Tulikaa Kavimvira, mahali ambapo si kijiji kamili wala si mji. Wanaume walilala ng'ambo juma zima, wakarudi Jumamosi na mkate na kipande cha sabuni. Wanawake walilima, wakaanika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, juu ya mchanga. Giza lilipoingia, taa za Usumbura ziliwaka upande wa pili wa maji, na sisi tulizitazama huku tukipuliza kuni mbichi. Nilizionea wivu taa zile kama mtu anavyomwonea wivu mtu.

Lakini wivu wangu mkubwa ulikuwa ndani ya nyumba. Dada zangu walizaliwa siku moja, Bukuru wa kwanza na Butoyi wa pili, kama Warundi wanavyowaita mapacha. Mimi niliwafuata, na anayewafuata mapacha huitwa Ciza. Hata jina langu, basi, lilitoka kwao. Nyanya, aliyezaliwa Runingu na kuyajua mambo ya zamani, alishika sheria moja: anachopewa pacha mmoja apewe na mwenzake, tena sawasawa. Ukimnyima mmoja, ngozi yake itaungua bila moto. Kwa hiyo wageni walikuja na vitambaa viwili, bangili mbili, ndizi mbili. Tukipata samaki mmoja mkubwa, mukeke, Mama alimpasua kutoka kichwani hadi mkiani ili kila mmoja apate jicho lake. Mimi nililamba mfupa wa katikati.

"Na Ciza?" niliuliza siku moja.

"Weye uko peke yako," Nyanya alijibu. "Nani atakupima naye?"

Alisema hivyo kama mtu anayenipa zawadi. Mimi nililia nyuma ya choo.

Jumapili ile, basi, Baba alipomaliza baiskeli, aliinua uso na macho yake yakaangukia sufuria yangu ya mihogo, kisha yakapanda hadi kwangu.

"Huyu je?"

Nyanya alinigeukia. "Huyu anaweza," akasema. "Lakini wale wawili wamuachilie kwa kinywa chao."

Maana yake ilikuwa hivi. Anayekwenda kuchukua kitu ambacho mapacha hawana, ni lazima kila mmoja wao achukue maji mdomoni na kumpulizia kifuani. Hapo wamekubali, na hakuna atakayeungua. Asubuhi niliyoondoka, nilisimama mlangoni nikiwa nimevaa gauni la Mama lililokatwa likanifaa. Lilikuwa moja tu, na lilikuwa langu. Kamyo, lile lori la kunichukua, ilikuwa imekwisha kusimama barabarani. Bukuru alipuliza, maji yakanilowesha, tukacheka. Butoyi alijaza mashavu yake, akanitazama machoni, akameza.

"Amemeza," nilisema.

"Umemeza, mutoto?" Nyanya aliuliza.

"Kiu iliniuma," Butoyi akasema.

"Chukua mengine."

Lakini kamyo ilipiga honi, Baba akanishika mkono, na maji mengine hayakupulizwa.

Kwa shangazi nililala kwenye mkeka wangu. Masista walinipa ardwazi, ule ubao mdogo mweusi wa kuandikia, na nilijifunza kuandika jina langu. Ciza: herufi zote zilikuwa zangu, hakuna aliyegawana nami. Watoto wa mjini walinicheka kwa namna nilivyotembea, kama mtu aliyebeba beseni ya samaki hata kichwa kikiwa kitupu. Haikunisumbua. Jioni nilikwenda ufukoni kutazama upande wa kwetu. Palikuwa na giza tupu, na nilifurahi kwamba sasa wao ndio wanaonitazama mimi.

Kabla mvua hazijaisha, Baba, aliyezoea kunipitia Jumamosi akielekea nyumbani, alikuja kwa shangazi siku nyingine. Hakuvua kofia.

"Butoyi anaungua," alisema.

Malengelenge yalikuwa yamemtoka shingoni, yakashuka mgongoni, yakapasuka kama ya mtu aliyemwagikiwa uji wa moto. Muuguzi wa dispansera alimpaka dawa ya zambarau, bila mafanikio. Nyanya hakugombana na mtu tena. Alisema tu, "Alimeza," na Baba, aliyekuwa akimcheka kwa mambo hayo, akapanda baiskeli kuja kunichukua.

Nilirudi nikiwa nimefunga ardwazi ndani ya gauni. Nilimkuta Mama anampaka Butoyi mafuta ya mawese kwa manyoya ya kuku, polepole, akimwimbia. Hakuna aliyewahi kuniimbia hivyo. Nilisimama pale na moyo wangu ukawa mchungu kabisa. Ameugua, nikafikiri, na ugonjwa wenyewe umempa tena zaidi kuliko mimi.

Alipona. Malengelenge yalikauka muda mfupi baada ya mimi kufika, na Nyanya hakuhitaji ushahidi mwingine. Mkeka wangu kwa shangazi ulipewa binti wa jirani yake, na mimi sikurudi shuleni. Sasa mimi ni msichana mkubwa, ninaanika ndagala kwenye mchanga uleule, na kila kitu ninachojua kuandika nilikipata katika miezi ile michache na katika vitabu vya misa. Watu huniuliza kama ninaamini. Nilimwona akimeza, na niliuona mgongo wake. Zaidi ya hapo siwezi kuapa. Ninachojua ni kwamba Nyanya alipima kila kitu miaka yote ile ili dada zangu wasioneane wivu, na kweli hawakuoneana. Hakufikiri kwamba mmoja wao angetazama mfupa wa katikati na kuutamani.

Nami nisingefikiri hivyo, kama si jioni ya kurudi kwangu. Nilikuwa nimejifungia katika chumba cha kuhifadhia mihogo, nimepakata ardwazi. Mlango ukasukumwa. Butoyi alisimama pale, shingo inang'aa kwa mawese, mikono ameiweka mbali na mwili ili isiguse ngozi. Nilidhani amekuja kunicheka. Nilikuwa tayari kumpiga, mgonjwa au si mgonjwa. Alitazama nyuma yake uani, ambako Bukuru alikuwa akitwanga, kisha akainamisha kichwa ndani.

"Ciza," alinong'ona, "nifundishe kuandika. Minye peke yangu. Bukuru asijue."