Mgadenia na Ndoo ya Timazi

Ukitaka kumuudhi Timazi, mwambie ukuta wake umepinda. Ni fundi mwashi, kazi yake hasa ni plasta na chokaa, na jina hilo alibandikwa na mafundi wenzake kwa sababu ya ule uzi wenye kipande cha chuma wa kupimia kuta. Haumtoki mfukoni, hata akialikwa harusini. Akiingia nyumba ya watu, kabla ya kukaa ameshajua ukuta gani umenyooka na upi unadanganya.

Jambo la pili alilojivunia, baada ya kuta zake, lilikuwa mapokezi yake. Kila jioni akifika getini, mkewe alikuwa akitoka, anampa pole na kazi, anampokea ndoo yenye mwiko na brashi. Mvua jua, miaka ishirini na miwili. Mafundi wenzake walishachoka kuisikia habari hiyo. Wengine mnapokewa na mbwa, alikuwa akiwatambia, mimi napokewa na mama watoto. Na akishaisema alikuwa akivimba kichwa, mnyamazishe uone.

Mkewe, mshonaji wa sare za shule, naye alikuwa na fahari yake: mgadenia uliokuwa chini ya dirisha la chumba chao, hatua tatu kutoka bombani. Jamani, mti ule una madeko! Afadhali kulea mtoto wa mwisho. Ukiuhamisha, unasusa. Ukiunyima maji siku mbili, unaangusha vitumba vya maua; ukiuzidishia, unaangusha vilevile. Ua lake jeupe ukiligusa tu, kesho yake lina alama ya kidole, ya rangi ya kahawia. Lakini likichanua, harufu inaingia ndani bila hodi, na siku hizo mama watoto alikuwa akishona huku anaimba. Timazi aliipenda harufu hiyo. Mti wenyewe hakuwahi kuukodolea macho hata siku moja, maana macho yake yalikuwa ya kuta.

Basi binti yao akawa anakaribia kujifungua mtoto wa kwanza, na mama mtu akafunga mzigo kwenda kumwangalia. Miezi miwili. Kabla ya kuondoka alimtembeza mumewe mpaka dirishani, akamtajia masharti: maji ya mvua kutoka kwenye pipa, asubuhi tu, mara moja kwa wiki majani ya chai yaliyokwisha kutumika, na asithubutu kuyagusa maua. Alikuwa amevihesabu vitumba, vilikuwa thelathini na saba.

"Narudi na mjukuu," alimwambia. "Nataka akute yamechanua. Usiniangushe."

Timazi akacheka. Mtu anayesimamisha ghorofa, alijibu, hawezi kushindwa na kichaka.

Jioni ya kwanza alifika getini, akasimama na ndoo yake kama mtu aliyekosea nyumba. Hakutoka mtu. Akaingia, akaioshea ndoo pale bombani, na kwa kuwa si mtu wa kupoteza maji, akaumwagia mgadenia yale maji meupe ya chokaa. Kunywa na wewe, aliuambia, hata mimi nimemkumbuka. Asubuhi aliupa maji ya mvua kama alivyoagizwa. Jioni akaupa tena ya ndoo. Hiyo ilikuwa nyongeza yake mwenyewe, kwa moyo mweupe, na aliitoa kila siku bila kukosa.

Wiki ya tatu majani yakaanza kugeuka manjano, mishipa tu ndiyo iliyobaki kijani. Vitumba vikaanza kudondoka vingali vimefumba. Timazi akamshuku jirani wa kushoto kwa kuchoma takataka. Akawashuku kuku wa jirani wa kulia. Akaushuku na mti wenyewe kwamba una roho mbaya. Nyani haoni kundule, na jioni zile zote ndoo ilikuwa mkononi mwake. Mkewe alipopiga simu kuuliza hali ya mti, alimjibu kwamba haujambo. Mjukuu alikuwa ameshazaliwa, wa kike, na Timazi alishindwa kuifurahia ile habari sawasawa, kwa sababu asubuhi hiyo alikuwa ameokota vitumba sita.

Akapiga moyo konde. Akachuma jani, akaenda nalo kwa mama mmoja anayeuza miche kando ya barabara. Yule mama aliligeuzageuza jani, kisha akaacha kulitazama, akaitazama mikono ya aliyelileta.

"Unaoshea wapi vyombo vyako?" alimuuliza.

Timazi akamweleza. Muuza miche akatikisa kichwa taratibu, akamfahamisha kwamba mgadenia unataka udongo wenye ukali kidogo, na chokaa inaua ule ukali. Hapo mti hata ukila vipi, unakaa na njaa. Akashangaa umewezaje kuishi miaka yote hiyo kwenye nyumba ya mwashi. Lazima kuna mtu alikuwa anaulinda, alisema.

Ilikuwa njiani kurudi ndipo maneno yale yalipomwingia. Mama watoto alikuwa akiipokea ndoo getini, halafu anazunguka nayo nyuma ya jiko, mbali kabisa na dirisha, anaisuuza mtaroni. Kila siku. Kwenye masharti hakuitaja, kwa kuwa mkono wake ulishazoea kuliko mdomo. Kumbe! Miaka ishirini na miwili amejitapa kwa kila fundi kwamba anapokewa, na kilichokuwa kikipokewa ni ndoo, ili isifike bombani. Tusifichane, aliumia. Aliumia kuliko siku aliyoanguka kutoka kwenye jukwaa la kazi.

Hata hivyo hakuutelekeza mti. Aliutoa udongo wa juu kwa mikono, akajaza wa majani yaliyooza aliouziwa na yule mama, na tangu siku hiyo ndoo akawa anaisuuza kazini kabla ya kuondoka. Ila majigambo yaliisha. Mafundi wakadhani anaumwa.

Mkewe alirudi na binti na mtoto. Kabla hata ya kutua begi alikwenda dirishani. Vitumba vilikuwa vimebaki vitatu, na majani mengi manjano, ingawa kwenye ncha yalikuwa yameanza kuchipua mabichi. Akainama, akachota udongo, akausagasaga kwa vidole.

"Ndoo," alisema.

"Ndoo," Timazi alikubali. "Sikujua. Nisamehe." Angeweza kuishia hapo, lakini neno hilo alikuwa amelibeba majuma matatu. "Na mimi nilikuwa nadhani unanipokea mimi."

Mkewe akajifuta mikono.

"Baba watoto, huu mti ni wa ngapi?"

Timazi hakulielewa swali. Mti ni mmoja, upo siku zote.

"Huu ni wa pili," mkewe alisema. "Ule wa kwanza ulikauka mwaka tuliojenga chumba cha nyuma, nikaung'oa mwenyewe. Miaka mitatu pale palikuwa udongo mtupu, mpaka nilipopata kipande kingine cha kupanda. Hukuona. Sasa niambie, miaka hiyo mitatu ndoo yako alikuwa anaipokea nani, na ya nini?"

Timazi aliipima ile miaka kama anavyopima kuta. Mwaka wa chumba cha nyuma. Mwaka aliovunjika goti. Mwaka binti yao alipomaliza shule. Katika yote mitatu aliliona geti, na mkono ukinyooka. Akaona pia dirisha, na chini yake hakuona kitu chochote, kwa kuwa hakuwahi kupatazama. Aibu ikamshika, na furaha nayo ikamshika.

Jioni ya kesho yake alifika getini na ndoo. Mama watoto akatoka, mjukuu kwenye mkono mmoja, akanyoosha mwingine.

"Haina chokaa," Timazi alimwambia. "Nimeshaioshea kazini."

"Sikukuuliza," alisema mkewe, akaipokea. "Pole na kazi."