Nyama ya Soya ya Mama Phoebe

Mtu wa kwanza kumpiga Naliaka alikuwa mteja wake wa kila siku. Aliitwa Tobias, seremala kwenye mjengo mmoja mkubwa Westlands, na kwa miezi mitano alikuwa amekula chakula chake cha mchana kwenye karai la Naliaka. Alhamisi moja ya mwaka 1974 alisimama mbele ya meko na wenzake wakiwa nyuma yake.

"Mama Phoebe," alisema, "hii nyama unatoa wapi?"

Naliaka alitoka upande wa Kimilili. Alikuja Nairobi na mumewe mwaka 1966, na mume huyo akachomwa kisu kwenye ugomvi wa pombe huko Kinoo, akafa kabla hajafikishwa hospitalini. Naliaka akabaki na binti mdogo, Phoebe, na chumba kimoja cha kupanga. Akapata kazi ya jikoni Muthangari, kwa mama mmoja wa Kihindi aliyeitwa Hemlata, ambaye nyumbani kwake hata yai halikuingia.

Hemlata ndiye aliyemfundisha. Soya ilirowekwa usiku kucha, ikasagwa kwa mashine ya mkono. Unga wa ngano ulikandwa, kisha ukaoshwa ndani ya maji mpaka kikabaki kitu cha kuvutika kama mpira. Vikachanganywa na tangawizi, kitunguu saumu na bizari, vikakatwa vipande na kukaangwa. Ukivitafuna, meno yalikutana na kitu chenye nyuzi. Familia hiyo ilipohamia Uingereza, Hemlata alimwachia ile mashine.

Kisha mvua zikakosa kunyesha, na bei ya nyama ikapanda buchani mpaka vibarua wakawa wanachovya ugali kwenye mchuzi mtupu. Naliaka alipeleka karai lake kwenye mjengo uliopakana na wa kina Tobias. Siku ya kwanza aliwaambia ukweli kwamba ni soya, wakamcheka, wakamwambia awapelekee wagonjwa. Hakuuza hata sahani moja. Juma lililofuata alivileta vipande vile vile kwa kina Tobias, akaviita nyama laini, na saa nane ilipofika karai lilikuwa tupu. Sahani yake ilikuwa nusu ya bei ya bucha. Hapo ndipo alipokosea, na mwenyewe hakuwahi kulikana kosa hilo.

Mbwa wawili wa lindo walipopotea mjengoni, watu wakaanza kuulizana. Nyama ilikuwa inapanda kila mahali, mbona ya huyu mama haipandi? Mbona haina mfupa? Kufikia Alhamisi hiyo hakukuwa na aliyeuliza tena. Walikuwa na hakika.

"Si nyama, Tobias," Naliaka alimjibu. "Ni soya. Ni kama maharagwe tu."

Jibu hilo ndilo lililomwasha. Miezi mitano ulimi wake ulikuwa umemwambia ni nyama, na sasa aliona anadanganywa mara ya pili. Alimzaba kofi lililomwangusha kando ya meko. Mwingine akampiga teke la mbavu, na baada ya hapo hakuweza kujua nani anapiga. Walitumia mawe na mbao zilizokuwa bado na misumari. Mtu mmoja alimshushia nondo, na Naliaka akasikia mfupa wa mkono wake wa kushoto ukikatika kabla ya kusikia maumivu. Kisha akasikia sauti ikiagiza mafuta ya taa yaletwe.

Alijiburuta mpaka kwenye karai. Alilishika sikio kwa mkono uliobaki, kiganja kikiungua, akalirusha lote mbele yake. Mafuta yaliyokuwa yakichemka yalimpata Tobias kifuani yakateremka mpaka mapajani. Ukelele wake uliwarudisha watu nyuma hatua chache, na katika nafasi hiyo Balwant Singh, nyapara wa mjengo, akaingiza pikapu yake katikati yao huku akipiga honi.

Alimwingiza Naliaka ndani ya gari. Kisha akaichukua ndoo ya Naliaka iliyokuwa kando ya meko, yenye soya aliyoiroweka kwa ajili ya kesho yake, akaimwaga mbele ya wale wanaume. Zikatawanyika punje za soya zilizovimba kwa maji.

"Mbwa iko wapi hapa?" akawauliza. "Onyesha mimi."

Mmoja mmoja walirudi kazini.

Wote wawili walipelekwa hospitalini kwa gari hilo hilo, Naliaka mbele, Tobias nyuma akilia juu ya mifuko ya saruji. Polisi walipofika mjengoni waliambiwa hakuna aliyeona chochote.

Mkono wa Naliaka uliunga ukiwa umepinda. Alipoweza kutembea, alikwenda kumwona Tobias wodini. Alimkuta amefungwa bendeji kuanzia shingoni, akakaa kwenye kibao kando ya kitanda bila kusalimu.

"Kweli ilikuwa soya?" Tobias akauliza.

"Kweli."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ungekula?"

Tobias aligeuza uso ukutani. Hawakuonana tena.

Mwaka uliofuata Naliaka alianza kupika karibu na nyumba za Woodley, safari hii kwa kibao kilichoandikwa SOYA kwa herufi kubwa. Wateja walikuwa wachache. Soya nayo ilikuwa imepanda, na mafuta ya kupikia yalipanda zaidi, hivyo ile nusu ya bei ya zamani haikuwezekana tena. Akaacha kukaanga, akawa anavichemsha vipande kwenye rojo la nyanya, na Phoebe akamsagia kila jioni kabla ya kufungua vitabu vya shule. Walimu walikula, makarani walikula mwisho wa mwezi ukikaribia, na polepole wakatosha kumlipia kodi na karo.

Meko yake aliyaweka mbele ya ukuta wa mawe, yeye akasimama katikati, mgongo ukigusa ukuta. Jua la mchana lilimpiga usoni pale, na watu walimshauri ahamie kivulini, upande wa pili wa njia. Alikataa. Alitaka kumwona kila anayemjia.