Niliambiwa Nchi Kavu Isitokee Pichani

Nimekosa. Naanza na hilo kwa sababu kila nikijaribu kuanzia pengine naishia kujitetea.

Kuna mwanamke alibebeshwa kosa langu mbele ya watu, na mimi nilikuwa palepale, nimekaa, nakula muhogo alioupika yeye. Sikutamka neno. Jamani, muhogo ule haujashuka mpaka leo!

Mimi ni mtu wa kutangatanga. Shule niliiacha kidato cha pili, si kwa kukosa akili, ila makalio yangu hayakujua kukaa. Nimebeba magunia Tanga, nimepaka rangi nyumba za watu Bagamoyo, nimeuza maji stendi. Kila nilipofika niliuliza: hiki ni nini, kile kinafanyaje kazi? Mafia nilikwenda kwa sababu nilisikia kuna papa mkubwa kama basi asiyeng'ata mtu. Nilimwona. Nikabaki.

Nilikuwa na simu yenye kamera nzuri na ukurasa wangu mtandaoni. Nilipiga picha mawimbi, nilipiga mchanga wa kisiwa cha Shungimbili ule mweupe hadi unaumiza macho. Walionifuata walikuwa dada yangu, marafiki wa zamani, na wauza dawa za kuotesha nywele.

Nikamlalamikia mwenzangu mmoja wa Dar, yeye kazi yake ni kukuza kurasa za watu. Akacheka.

"Mchanga hauna macho, kaka. Nani akae anatazamana na mchanga? Weka mtu! Na ukiposti, weka na mahali. Halafu jibu kila anayekuandikia, hata akikutukana. Ukurasa ni duka. Mteja akibisha hodi usinyamaze."

Maneno hayo niliyashika kama kiapo.

Basi nikahamia kijiji kimoja kilichomo ndani ya hifadhi ya bahari. Jina lake sikitaji, safari hii nimejifunza. Nilipanga chumba kwa mama mmoja mtu mzima ambaye hapa nitamwita Bi Tatu. Aliishi na mke wa mwanawe, nitamwita Zuhura. Huyo mwana alikuwa Dar kwenye vibarua, akirudi kwa nadra.

Bi Tatu alinichukua kwa utani wa bibi na mjukuu tangu siku ya kwanza.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Umekula?"

"Bado."

"Mume gani huyu jamani, hana hata sufuria!"

Na Zuhura kutoka jikoni: "Mama, huyu mume wako nimemwona anapiga picha kunguru. Umemkagua vizuri kabla hujaolewa?"

Nilicheka sana katika nyumba ile. Nasema hivyo ili mjue niliowatenda hawakuwa watu baki.

Kazi yao ilikuwa pweza. Siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali na mwamba kubaki wazi, wanawake hutoka na vijiti vyao kuchokoa pweza kwenye matundu. Mgeni ataona mwamba mmoja tu, mkubwa, wa kijivu. Kumbe kila mwanamke ana matundu yake, na anayatunza kama wengine wanavyotunza shamba. Bi Tatu alikuwa na mahali alipopaita mlango wake. Alikuwa akichukua pweza hapa, anapumzisha pale. Tundu lenye mama anayelinda mayai halikuguswa. Na kulikuwa na tundu moja walilolizunguka kwa adabu.

"Hapa anakaa mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka," aliniambia. "Ana meno kama msumeno. Mpe salamu, pita."

"Shikamoo mzee," Zuhura akaliambia tundu, na sote tukacheka.

Nilipotoa simu siku hiyo, Bi Tatu alininyooshea kijiti.

"Piga mkono. Piga pweza. Hata miguu yangu hii iliyopasuka piga, waione huko Ulaya. Nchi kavu usipige."

"Kwa nini, bibi?"

Akanishika bega akanigeuza nitazame ufukweni.

"Unauona mnazi ule uliokatika kichwa? Na pembe ya ule ukuta wa zamani, unaiona? Ukisimama mahali ambapo mnazi unaikalia pembe sawasawa, ukarudi nyuma hivyohivyo mpaka maji yakufike magotini, umeshafika mlangoni kwangu. Alinionyesha mama yangu. Nami nimemwonyesha Zuhura. Mwanangu wa kiume mwenyewe hajui."

"Mbona mimi umeniambia?"

"Wewe si mume wangu? Nikufiche nini!"

Mnaona? Sikukosa kwa kutojua. Niliambiwa, tena kwa sababu ya kupendwa.

Picha yenyewe niliipiga bamvua iliyofuata. Kulikuwa na harusi mtaani, Bi Tatu alipakwa hina vidoleni. Alimvuta pweza mkubwa akamwinua juu, na yule pweza akajisokota mkononi mwake kama bangili zinazotembea. Matone ya maji yalikuwa yanaanguka, yeye anacheka. Nami nilikuwa nimechutama chini kwenye maji.

Nyuma yake kulikuwa na mnazi usio na kichwa, umeikalia pembe ya ukuta. Sawasawa.

Niliiona. Nilijaribu kuikata, nikiondoa nchi kavu kama nilivyoambiwa. Picha ikafa! Ikabaki mkono na mnyama, kama tangazo la sokoni. Ni ule mnazi uliokuwa unaipa urefu, ni ule ukuta uliofanya mama yule aonekane kama anashikilia kisiwa kizima. Nikairudisha ilivyokuwa. Nikaitazama. Nikajiambia: nani atajua? Mtu wa Dodoma ataujua mnazi wa hapa?

Nikaiposti. Nikaweka na mahali.

Ndugu zangu, simu ililia hadi ikapata moto! Watu wakaigawa, wageni wakaandika kwa lugha nisizozijua. Mwenzangu wa Dar akanipigia: "Si nilikwambia? Sasa jibu watu, usilale!" Nikawa najibu, najibu. Mimi niliyeacha shule naitwa msanii!

Kati yao alikuwepo mmoja mwenye maneno ya adabu kabisa. "Hongera kaka, kazi nzuri. Pweza wakubwa hivyo mnawapataje?"

Nikamjibu kwa kirefu. Nikamwambia mwamba wote si sawa, kuna mahali maalumu, siri ya mama kwa binti. "Ukitazama vizuri, siri iko palepale kwenye picha," nikaandika, najiona hodari. Watu wakaipenda ile sentensi kuliko hata picha.

Bamvua nyingine ilipofika wakaja wanaume na boti ya mashine. Walivaa miwani ya kuzamia, mikononi wameshika nondo. Wanawake walipoteremka mwambani waliikuta boti inaondoka. Wale wanaume hawakuhangaika na mwamba mzima. Walikuwa wamekwenda moja kwa moja mlangoni kwa Bi Tatu.

Nilifika naye. Matumbawe yalikuwa yamevunjwa kama sahani, matundu yamefumuliwa, hata lile la mama wa mayai. Mayai yalikuwa yanaelea kama vishada vya zabibu nyeupe. Bi Tatu aliokota kimoja akakiweka kiganjani, akakitazama, akakirudisha majini taratibu, kama kwamba kingeweza kupona.

Taarifa ilipelekwa hifadhini, lakini wale walikuwa wameshayeyuka.

Kwa nini hawakugusa kwingine? Swali hilo lilizunguka kijiji kizima, na jibu likaonekana jepesi. Alama zilijulikana na watu wawili tu, Bi Tatu na Zuhura. Mimi hakuna aliyenihesabu. Mgeni, mpiga kunguru, anajua nini kuhusu mwamba?

Tulikuwa tumekaa uani tunakula, na majirani wawili wamekuja kutoa pole, Bi Tatu alipoweka sahani chini.

"Zuhura. Ulimwambia nani?"

"Mama, sijamwambia mtu."

"Mumeo ana rafiki zake huko Dar, wana boti."

"Wallahi mama, hata yeye hajui!"

"Nilikupa kitu alichonipa mama yangu. Sikumpa niliyemzaa, nikakupa wewe. Bora ningemwonyesha paka."

Jirani mmoja akaguna. Zuhura alinitazama. Hakuwa ananishuku. Alinitazama kama unavyomtazama mtu wa nyumbani, ili akusaidie neno: shemeji, mwambie mama sikusema.

Nami nikashika kipande cha muhogo, nikakitia mdomoni.

Hapo ndipo nilipokosa kosa lenyewe. Picha ilikuwa ujinga na tamaa. Muhogo ule ulikuwa dhambi.

Wiki hiyohiyo Zuhura alifunga nguo zake akarudi kwa wazazi wake Kirongwe. Alipopita mlangoni kwangu alisema tu, "Haya bwana, ulinde mke wako." Utani wake wa mwisho. Hakucheka.

Kwa hiyo Bi Tatu akawa anakwenda baharini peke yake. Nilijitolea kumsindikiza, akakataa. Akasema hana tena cha kupigwa picha. Mlango wake haukuwepo, na matundu ya karibu yalikuwa ya wenzake, hakutaka kugusa cha mtu. Akawa anavuka mbali, hadi ukingoni kwenye maji meusi, kwenye matundu asiyoyajua wala yasiyomjua.

Huko akamkuta mkunga ambaye hakuna aliyewahi kumwonyesha.

Wanawake wengine walisikia ukelele. Walimfunga mkono kwa kanga wakamkimbiza hospitali Kilindoni. Alirudi na mkono wa kulia ukiwa na vidole vitatu.

Nilikwenda chumbani kumjulia hali. Alikuwa ameketi kitandani, mkono juu ya mto kama mtoto mchanga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Njoo. Ile picha yangu ya pweza unayo?"

"Ninayo."

"Nionyeshe mkono wangu."

Ningeweza kusema simu haina chaji. Nikampa. Aliishika kwa mkono wa kushoto, akaileta karibu. Akaangalia vile vidole vyenye hina, akatabasamu kidogo. Kisha nikayaona macho yake yakiachana na mkono, yakipanda polepole kwenye pembe ya picha.

Nje kuna kuku alikuwa anaparua mchanga, nikawa namsikiliza yule kuku.

"Mnazi wangu umetoka vizuri," akasema.

Akaishusha simu mapajani.

"Zuhura hakusema."

"Hakusema, bibi."

"Na ulikuwepo nilipomtukana."

"Nilikuwepo."

Akanirudishia simu. Hakulia, hakunilaani. Laiti angenilaani!

"Kirongwe si mbali. Nenda kwao. Mwambie kwa mdomo wako, mbele ya mama yake, kama mimi nilivyomvunjia heshima mbele ya watu. Mimi nitakuja nyuma yako kumwomba radhi, hiyo ni yangu. Lakini utangulie wewe. Nikitangulia mimi, watasema bibi amekosa mtu wa kumfulia ndiyo maana anambembeleza mkwe."

"Nitakwenda, bibi."

"Haya. Safari njema, mgeni."

Mgeni! Tangu niingie nyumba ile hakuwahi kuniita hivyo.

Nilifika Kilindoni na begi langu. Kijana wa bodaboda akanisogelea: "Kirongwe, bosi? Kirongwe twende!" Ilibaki kupanda tu. Niliwaza uso wa Zuhura, uso wa mama yake, majirani wakijaa uani. Nikamwambia yule kijana, "Hapana, nasubiri mtu."

Nilikuwa nasubiri boti ya kwenda bara. Nikaipanda.

Ukurasa niliufuta nikiwa bado majini. Nikafikiri nimemaliza. Kumbe picha ukishaiachia haina baba! Niliikuta kwenye ukurasa wa mtu mwingine, imeandikwa jina lake. Nikaikuta kwenye kadi ya salamu za asubuhi, maua yamepambwa pembeni. Juzi, katika mji ninaokaa sasa, niliingia mgahawani nikainua macho, nayo iko ukutani, kubwa kama mlango. Vidole vitano, vyote vina hina. Anacheka.

Mhudumu akaja. "Umeipenda eh? Kila mteja anaiulizia. Sijui ni wapi pale."

Nilimwomba anihamishe meza. Nilipokaa nimeipa mgongo nikaona ni afadhali ya mwanzo. Nilikuwa nauhisi ule mkono nyuma ya shingo yangu. Chakula nilikiacha.

Ninyi vijana mnaotafuta wafuasi, sikatazi kupiga picha. Lakini mtu akikwambia hapa usipige, usijifanye unalijua jambo kuliko yeye. Uzuri wa picha yako unaweza kuwa ndio mlango wa mwenzio, na ukiufungua huna ufunguo wa kuufunga. Na si kila anayeuliza ujibu. Mwingine anabisha hodi ameficha nondo mgongoni.

Zuhura, sijui kama ulirudi kwa mama mkwe wako, wala sijui kama mlikwisha kupatana. Hukusema. Ni mimi. Ulinitazama nikusaidie neno, nikatafuna.

Najua kuandika hivi bila jina ni kujificha mara ya pili. Sauti ya yule kijana wa bodaboda bado inaniita, "Kirongwe, bosi?" na mpaka naandika haya sijapata ujasiri wa kupanda. Basi wewe unayesoma, kama yupo mtu aliyebeba kosa lako mbele ya watu, usiige hiki ninachofanya. Usiandike. Nenda.