Fomu ya Kuwa Hai

Kwa miaka sita nimekuwa nikitia sahihi kwenye karatasi moja kuthibitisha kwamba mwanamke fulani wa Mbooni yu hai. Jumanne ya wiki juzi mdogo wake alinipigia simu asubuhi, nikiwa nimejikunja chini ya sinki natafuta mahali maji yanapovujia, akasema, "Mwandishi, Sista ametuacha. Ameanguka jana akitoka kufunga ng'ombe. Hospitali tulifika, lakini haikusaidia." Nilitoa pole, kisha nikabaki pale sakafuni na spana mkononi. Ningependa kuwaambia kwamba niliomba au nililia. Ukweli ni kwamba kitu cha kwanza kilichonijia akilini ni ile karatasi, kwa kuwa nilikuwa nimeitia sahihi wiki tano tu kabla ya hapo. Tangu siku hiyo sina raha, msomaji wangu, na kama leo nitarukaruka kutoka jambo hadi jambo, nivumilie.

Niieleze kwanza karatasi yenyewe. Marehemu tulimwita Sista kwa sababu alikuwa muuguzi. Sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi aliipitisha katika makao ya wazee, kwenye nchi moja ya baridi, akiwaogesha na kuwageuza vitandani watu ambao watoto wao walikuwa na shughuli nyingi. Alipostaafu alirudi kwao Mbooni, akajenga nyumba ya vyumba vitatu juu ya shamba la avokado, akaishi humo na mdogo wake aliyefiwa na mume. Pensheni ilimfuata huko kila mwezi. Lakini wale wanaomlipa hawawezi kuchungulia dirishani kuona kama bado anapumua, kwa hiyo kila mwaka humtumia fomu ya kuwa hai. Fomu hiyo lazima itiwe sahihi na mtu wa kuaminika asiye ndugu yake, na chini kabisa ina sentensi ambayo shahidi anaikubali kwa sahihi yake: nimemwona mhusika kwa macho yangu mwenyewe.

Tulikutana hapa Salama, katika duka la fotokopi lililo karibu na stendi, nilikokwenda kuchapisha barua ya kulalamikia bili ya maji. Alikuwa amevaa kofia ya sufu mchana wa jua kali, naye anamsomea mwenye duka orodha ya watu wanaoruhusiwa kuwa mashahidi. Pasta wake alikuwa amehamishwa. Chifu alikuwa amemwambia arudi kesho kwa wiki nzima. Alipofika kwenye mwandishi wa habari, mwenye duka alinielekezea kidole. Sista akanitazama kuanzia viatu kwenda juu. "Huyu? Si huyu ndiye huandika malalamiko kila wiki?" Mwenye duka akakubali kwamba ndiye. "Basi hakuna ingine," akasema, "tutatumia huyu." Nilipoinama kutia sahihi aliifunika karatasi kwa kiganja. "Bado. Umeniona?" Nikamwambia nimemwona. "Umeona nini?" Nikasema nimemwona mama mwenye haraka na kofia ya baridi. Aliondoa kiganja. Tangu hapo, kila mwaka, mimi ndiye niliyepanda Mbooni, bodaboda hadi pale njia inapokataa na miguu kwa sehemu iliyobaki, na kila mwaka kabla ya kuniruhusu kushika kalamu aliniuliza swali lile lile. Nililichukulia kuwa utani wetu, na nikawa namtungia majibu njiani ili nimchekeshe.

Kilichomchekesha yeye zaidi ni jina aliloitwa kwenye fomu: mstaafu aishiye ng'ambo. Alikuwa ameishi ng'ambo miaka yote ile, watu wa kijijini wakisema yuko majuu, na siku aliporudi nyumbani ndipo akaandikwa kuwa ameenda ng'ambo. "Mwandishi, majuu ni hapa," aliniambia tukiwa barazani kwake, bonde lote liko chini yetu. "Nyinyi mlidhani ni wapi?" Lakini jina hilo lilikuwa na gharama yake. Wenzake waliobaki kule huongezewa pensheni kadiri maisha yanavyopanda. Ya kwake iligandishwa siku aliyohama, ikabaki kama ilivyokuwa, utadhani aliporudi Mbooni bei za unga na dawa nazo ziliahidi kumsubiri. Alilijua hilo kabla ya kukata tiketi, na bado akaja. Mwanawe wa pekee, ambaye bado anaishi kule kwenye baridi, hakuwahi kumwelewa. Sista alikuwa na jibu moja kwake: alikuwa amewafumba macho wazee wengi mno katika vyumba vyenye namba mlangoni, na yeye hatakufa ndani ya namba.

Sasa sikilizeni jinsi alivyouawa mara ya kwanza. Miaka mitatu iliyopita alikwenda Matiliku kwa semina ya akina mama wa kanisa, siku tatu, wakilala huko huko. Simu aliiacha nyumbani ikichajiwa. Ofisi ya pensheni ikapiga, na kwa hisani yao wakamweka mkalimani kwenye laini, mama mmoja mwenye Kiswahili cha redioni. Mdogo wake Sista akapokea. Mazungumzo yale nimesimuliwa mara nyingi hata nimeyakariri. Mkalimani aliomba kuzungumza na mwenye simu. "Hayuko," mdogo mtu akasema. "Yuko wapi?" Akajibu kama ambavyo mtu yeyote wa huku angejibu: "Amelala Matiliku, kwa kanisa."  Kisha yule mkalimani, kwa sauti ya upole sana, akasema, "Pole sana, mama." Na mdogo mtu akajibu, "Asante, tumeshapoa."

Nilipomuuliza kwa nini alijibu hivyo, alinishangaa. "Si alinipa pole? Nilidhani ni pole ya kazi. Niliachiwa ng'ombe peke yangu siku tatu." Huku kwetu pole haikataliwi. Unapewa pole ya safari, pole ya jua, pole ya foleni, nawe unaipokea na kuendelea na shughuli zako. Mtu wa mbali aliyesikia kwamba mzee hayuko, kwamba amelala, tena kanisani, na kwamba nduguye ameipokea pole, angeandika nini kingine? Mwezi uliofuata pensheni haikuingia. Ikaja barua badala yake, kwa familia ya marehemu, ikiwatakia faraja. Sista aliisoma mwenyewe, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia. "Barua nzuri," aliniambia. "Nikiwa hai hawajawahi kuniandikia hivi."

Ilichukua miezi minne kumfufua. Nilimpeleka Machakos kwa wakili, tukapiga picha, tukatuma, tukaambiwa picha haina tarehe. Mwishowe walikubali kumwona kwa video, wakamtaka ashike gazeti la siku hiyo mbele ya kamera. Alishika ukurasa wenye safu yangu, akaniambia baadaye kwamba siku hiyo ndipo nilipomfaa mtu. Ndani ya miezi hiyo aliuza mtamba wake. Mwanawe alikuwa akipiga kila jioni akisema mama rudi, ukiwa hapa hakuna atakayekuuliza kama uko hai, tiketi nitalipa, kuna makao mazuri karibu na kwangu. Nilimsikia Sista akimjibu kwamba atafikiria, na hilo lilinitisha kuliko ile barua, maana sikuwahi kumsikia akisema atafikiria. Pesa zilirudi, na za miezi iliyopita zikalipwa zote, kwa barua fupi isiyo na pole hata moja. Tulichinja kuku. Mimi nikadhani mambo yameisha.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini nilidhani hivyo. Labda ni kwa sababu wengi wetu tunaotazama pensheni kwa mbali huiona kama ukuta. Mimi sina pensheni. Nimeandika safu maisha yangu yote kwa malipo ya safu, na nikiacha kuandika siku ya Ijumaa, Jumamosi sina kitu. Kwa hiyo mwenye kulipwa kila mwezi hadi kufa nilimwona kama mtu aliyemaliza mashaka. Sikuona kwamba anayelipwa kutoka mbali analala akijua kuna mtu asiyemfahamu, katika chumba asichokijua, anayeweza kumfuta kwa sababu ya neno moja alilolisikia vibaya. Huku kwetu wako wengi zaidi ya tunavyodhani. Waliokuwa wauguzi na madereva na wapishi majuu wamerudi, wamejenga, wameweka paa za rangi, na sisi tukipita barabarani tunaonyeshana nyumba zao. Tunahesabu mabati na hatumuulizi mwenye nyumba anaogopa nini. Nakasirika nikiandika haya, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu.

Kwa maana mwaka huu sikupanda. Fomu ilipofika nilikuwa nimefungasha mkoba wa kwenda Kitui, ambako niliitwa kuzungumza kwenye mkutano wa waandishi, na nilikuwa nimejiona mtu muhimu kwa wiki nzima. Nikampigia Sista kumwambia mwaka huu aitume tu, mimi namfahamu, hakuna haja ya safari.  "Inasema umeniona," akasema. Nikacheka. Nikamwambia nimemwona miaka mitano mfululizo, sura hiyo haijabadilika. Kesho yake jirani yake, mwanamume wa makamo mwenye bodaboda, alinikuta stendi ya Salama na bahasha pamoja na mfuko wa avokado. Nilitia sahihi juu ya kiti cha pikipiki, kwa kalamu yake. Alipokuwa akiifunga bahasha ndani ya jaketi alisema, "Mama amesema nikuulize kama umemwona." Gari la Machakos, ambako ningepanda la Kitui, lilikuwa linajaa. Nikasema, "Mwambie nimemwona."

Jumamosi tulimtazama jenezani kisha tukamzika, juu ya shamba, kama alivyotaka, hakuna namba popote. Mwanawe alikuja, mtu mpole, mrefu, anayeongea Kikamba cha mtoto kwa sababu aliondoka akiwa mtoto. Alikuwa amebeba fomu nyingine, ya kuthibitisha kifo, maana ofisi ile iliyoamini kifo cha mama yake kwa neno moja la simu sasa ilitaka shahidi asiye ndugu. Akaniuliza kwa heshima kama ningekubali. Tukaketi mezani, meza ile ile niliyotilia sahihi miaka iliyopita. Kabla sijaanza kuandika, mdogo wake Sista aliingia jikoni akarudi na mkebe wa majani chai, akaufungua, akaumimina juu ya kitambaa.

Vilikuwa vidonge vya presha, vyote nusu nusu, vimekatwa kwa kisu, elfu na kitu kwa kukadiria. "Hizi alikuwa anaweka tangu ile mwaka walisema amekufa," akasema. "Asubuhi anakula nusu, nusu anaweka. Nikimuuliza anasema wakimuua tena atakuwa na dawa." Mwanawe aliuliza kama pesa zilikuwa hazitoshi. Akajibiwa kwamba pesa zilikuwepo, ziko benki, hakuwa anazigusa. Ni mwanamke aliyewapa wengine vidonge kwa saa na dakika maisha yake yote, hakuna asichokijua kuhusu nusu dozi. Kisha mdogo mtu akanigeukia, bila lawama yoyote usoni, na hilo ndilo linaloniumiza. "Hii miezi ya mwisho miguu ilikuwa imefura hadi viatu vinakataa. Alikuwa anasema, wacha Mwandishi akuje, nitamuuliza kama nikubali kurudi huko kwa kijana nitibiwe. Hakutaka kuuliza pasta. Wewe alikuwa anakuamini juu ya vile haukuwa unamuonea huruma."

 Nilichukua kalamu nikasoma sentensi ya chini, ambayo ni ile ile kwenye fomu zote mbili. Mwaka huu nimeithibitishia ofisi ile mara mbili kwamba nimemwona mhusika kwa macho yangu mwenyewe, na nimesema kweli mara moja tu, nayo ni hii ya pili.

Basi kama una mzee anayelipwa na watu wa mbali, mama yako au jirani tu, usimpigie simu kumuuliza kama pesa zimeingia. Pengine zimeingia. Panda kwake, keti, mwombe akuonyeshe dawa zake na umtazame miguu. Na akikuuliza kama umemwona, mtazame tena kabla hujamjibu.