Shikamoo Niliyoichelewesha

Enzi za ruksa, mabasi ya watu binafsi yalipoanza kufika mpaka Sepuka, mimi nilikuwa kondakta. Mwanamke, ndiyo, na mdomo wangu haukuwa na breki. Aliyeninunia nilimnunia, aliyenitukana nilimshusha.

Siku moja, tukiwa bado stendi ya Singida mjini, nilimnyooshea mkono mzee mmoja wa rika la babu yangu. "Nauli!" Hivyo tu, bila shikamoo, tena mbele ya wakwe zake. Loo! Alinyanyua bakora akanipiga kwenye kifundo cha mkono, mfupa ukavunjika.

Nililia kwa maumivu, halafu kwa hasira. Dereva alitupeleka moja kwa moja polisi, na huko nikaapa kwamba huyu mzee lazima afungwe. Askari aliniambia kumjeruhi mtu akiwa kazini kwake ni jela. Nilifurahi, siwafichi.

Lakini mahakamani mzee alikana. Abiria waliofuatwa na polisi, basi zima, walisema hawakuona kitu. Nani angekubali kumfunga mzee wa watu? Nikabaki shahidi peke yangu, na kesi ilielekea kufa. Nilipoitwa, mkono ukiwa kwenye plasta, ilinibidi nipite mbele yake. Jamani, malezi! Mama yangu alikuwa mkali. Nikajikuta nimeshapiga goti kidogo.

"Shikamoo, babu."

Mzee aliniangalia, akaiangalia plasta.

"Marahaba, mjukuu wangu." Kisha akamgeukia hakimu. "Msimsumbue mtoto. Nilimpiga mimi."

Miezi sita. Nilimwomba hakimu amsamehe, akaniambia kesi si yangu tena, ni ya Jamhuri. Nilichokitaka nilikipata, na siku hiyo nililia kuliko siku niliyovunjwa mkono.

Nilipopona nilirudi kwenye basi. Safari ya kwanza tu, nikamkuta mke wa yule mzee ananisubiri kando ya barabara karibu na Sepuka. Nikajua leo natukanwa. Kumbe alikuwa na salamu tu: "Mwambie babu yako kuku wameangua." Siku hizo makondakta ndio tuliokuwa posta ya watu. Nikazipeleka gerezani, nikarudi na majibu, na ikawa hivyo wiki hadi wiki. Uwele umechanua. Ng'ombe kazaa. Mwambie asibebe maji peke yake.

Siku aliyoachiwa alikuja stendi, amekonda, bakora hana. Nilishuka ngazi za basi kabla hajafika mlangoni, nikamwamkia. Aliitikia, akaushika mkono wangu, akaupapasa mfupa palepale kwa kidole gumba.

"Bado unauma?"

"Wakati wa baridi tu, babu."

Akaanza kulia, watu wakiangalia. Nikampandisha, nikamkalisha kiti cha mbele, tukampeleka kwa mkewe.